Daftari za ubatizo za Nyanda za Juu Kusini: zinakiliwe, lakini na nani?

Daftari za kwanza za ubatizo katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania zimeshapita miaka mia moja. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891. Misheni ya Berlin nayo ilianza Unyakyusa, ikapanda hadi Ubena. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, walijenga Tosamaganga karibu na Iringa kabla ya karne ile kuisha, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Wakonsolata, shirika jingine la Kikatoliki, wakaipokea. Kote huko watu walibatizwa, wakafunga ndoa, wakazikwa, na padre au mchungaji akaandika. Kwa familia nyingi za hapa hakuna maandishi ya zamani zaidi ya hayo yanayomtaja babu kwa jina. Ndiyo maana likitajwa wazo la vijana wa kujitolea kupiga picha kurasa hizo, kunakili majina na kutengeneza faharasa ya kutafutia kwenye kompyuta, wengi hulikubali hapo hapo. Nami nalikubali, ila si kwa namna yoyote ile.

Wanaosema tufanye haraka wana haki. Milima ya Rungwe hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na karatasi iliyokaa kabatini katika unyevu huo huota ukungu. Mahali pakavu kuna mchwa. Wazee wanaoweza kueleza kwamba fulani aliyeandikwa ukurasa huu ndiye yule aliyehamia ng'ambo ya mto nao wanapungua. Tena watu wa kusini wametawanyika mno. Wako waliokwenda kwenye mkonge Tanga, kwenye dhahabu ya Chunya na kwenye migodi ya Afrika Kusini, na wengi hawakurudi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha hata waliobaki, na majina ya vitongoji vya zamani yakafifia. Mjukuu aliyezaliwa Muheza anajua tu kwamba babu alitoka "Njombe huko." Bila faharasa atapekua daftari gani?

Mifano ya kazi hii ipo. Uingereza, tangu 1998, watu wa kujitolea wananakili orodha za vizazi, ndoa na vifo na kuziweka wazi bila malipo. Marekani, sensa ya 1940 ilipofunguliwa mwaka 2012, majina kama milioni 132 yaliorodheshwa na watu wa kujitolea kwa takriban miezi mitano. Lakini wengi wao walikuwa wakisoma lugha yao wenyewe na majina waliyoyazoea. Kwetu daftari la Kikatoliki liko kwa Kilatini, na la Kilutheri au la Kimoraviani la enzi ile huenda liko kwa Kijerumani, kwa mwandiko ambao hata Wajerumani wa leo husoma kwa kujifunza. Jina la Kihehe, Kibena au Kinyakyusa limeandikwa jinsi sikio la mgeni lilivyolisikia. Mkwawa mwenyewe, mtu aliyewapiga Wajerumani Lugalo mwaka 1891, katika maandishi yao ni Quawa. Tukuyu ni Neu-Langenburg. Mnakili aliyeko mbali ataandika anachokiona, na kompyuta haitajua kwamba ni mahali pamoja.

Kosa la pili ni gumu zaidi kuligundua. Kwetu ndugu wa kiume wa baba ni baba, na mtoto aliyelelewa na baba mdogo akiulizwa baba yake ni nani atamtaja huyo bila kusita. Makete nako akina Sanga na akina Mahenge ni wengi kiasi kwamba jina peke yake halimtambulishi mtu. Asiyejua haya ataunganisha watu wasio wa mlango mmoja, au atatenganisha ndugu. Faharasa ikishatoka, watu huacha kufungua daftari lenyewe; wanaamini kilichotokea kwenye skrini. Hilo ndilo linalonitisha kuliko ukungu.

Upande wa pili, wanaotaka daftari zibaki kabatini, hoja yao kubwa ni siri za watu. Daftari la ubatizo linamwonyesha mtoto asiyeandikiwa baba. Pembeni, miaka ishirini baadaye, kuna maelezo ya ndoa yake. Kijiji kinapopima ardhi na kutoa hati za kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, mstari mmoja kama huo unaweza kuwasha ugomvi wa shamba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inamlinda aliye hai, na wengi waliomo kwenye daftari za miaka ya 1950 na 1960 bado wako hai.

Nakubali, ila naomba tuangalie ni nani anayefaidika na kabati lililofungwa. Leo historia ya ukoo iko mikononi mwa wazee wachache, karibu wote wanaume, na kwenye kikao cha mirathi wao ndio wanaosema nani ni wa hapa na nani si wa hapa. Daftari linamtaja mama kwa jina lake. Linaonyesha kwamba ndoa ya pili ilifungwa kanisani, na kwamba binti fulani ni mtoto wa marehemu. Mjane asiyejua tarehe wala kigango hataweza hata kumweleza katibu wa parokia atafute wapi. Kuficha kote kunamlinda mwenye nguvu kwanza.

Kuna pia suala la imani. Shirika kubwa kuliko yote la kazi hii duniani liko Utah, Marekani, chini ya Kanisa la Wamormoni, ambao hubatiza kwa niaba ya marehemu. Mwaka 2008 Vatikani iliwaagiza maaskofu wasilikabidhi shirika hilo daftari za parokia. Kwa Iringa Katoliki mlango huo umefungwa. Sharika za Kilutheri na Kimoraviani zina uamuzi wao, nami ningewashauri waufanye kwa maandishi, wakiwa na nakala kamili mkononi.

Kwa maoni yangu, wanakili wawili wa hapa hapa wasome kila ukurasa bila kutazamiana, na penye tofauti aamue wa tatu anayezijua koo. Jina liandikwe kama lilivyo, na tahajia ya leo ikae safu ya pembeni. Picha ya ukurasa iambatane na kila mstari. Yaliyozidi miaka mia yawe wazi. Ya karibu yaombwe ofisini, na mhusika au mtoto wake. Na vijana hao walipwe nauli, bando na chakula cha mchana, maana kijana wa Mafinga asiye na ajira hawezi kujitolea kwa mfuko mtupu mwaka mzima.

Mahali pa kuanzia ni daftari za kabla ya 1914. Ndizo ngumu zaidi kusomeka, lakini waliomo wote wameshatangulia, na usharika utajifunzia kazi hapo kabla ya kufikia kurasa zenye majina ya watu wanaoketi kanisani kila Jumapili.