Joto la Dodoma lina wenyewe, na si mama wa mkaa

Nimechoka na mikutano ya mazingira hapa Dodoma ambayo mshtakiwa anajulikana kabla kikao hakijafunguliwa. Mgeni rasmi anasimama, anasema mvua zimekuwa haba, jua limekuwa kali, na sababu ni sisi wenyewe tunaokata miti hovyo. Watu wanaitikia, makofi yanapigwa, soda zinagawiwa. Nje ya mji, kando ya barabara kuu, huyo "sisi wenyewe" ameketi kwenye kivuli cha mkungugu akilinda magunia matatu ya mkaa, midomo ya magunia imezibwa kwa majani makavu na kushonwa kwa kamba. Ukimuuliza atakwambia akiuza mawili anapata debe la mahindi.

Sisemi mkaa hauna ubaya. Unao, na nitafika huko. Ninachokataa ni kumtwisha mama huyu joto la dunia nzima, wakati elimu ya kujua nani kafanya nini ipo, na inaelezeka kwa Kiswahili cha kawaida kabisa.

Kwanza, ukame kwetu si mgeni. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na wastani wa mwaka hauzidi sana milimita 600. Si bure watemi wa Wagogo walibebeshwa dhamana ya mvua. Mvua ilikuwa siasa kabla ya siasa. Ile njaa ya Mtunya ya mwaka 1917 hadi 1920 ilikuja mvua iliposhindwa, lakini majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalikuwa yamekwisha kukomba nafaka, ng'ombe na vijana kwa ajili ya vita vyao. Mwaka 1947 Waingereza wakarudi Kongwa na matrekta ya kulimia karanga, baada ya ziara fupi ya uchunguzi mwaka uliotangulia na takwimu kiduchu za mvua. Jua lilipowaka, ule udongo wa mfinyanzi ukawa mgumu kama sakafu, na mvua ikakosekana pale ilipohitajika. Mwaka 1951 mpango ukafungwa. Mlipa kodi wa London alikuwa amepoteza zaidi ya pauni milioni 35 kwa kuamini kwamba wastani wa mvua ndiyo mvua.

Kwa hiyo mtu akisema "hali ya hewa ilikuwa ikibadilika tangu zamani", hadanganyi. Mwaka 2000 mwanasayansi Lonnie Thompson na wenzake walichimba barafu ya Kilimanjaro na kutoa nguzo zenye kumbukumbu ya takribani miaka 11,700. Ndani yake waliona dalili za ukame mkubwa wa miaka kama 4,000 iliyopita. Hakukuwa na kiwanda wala lori wakati huo. Njia ya dunia kulizunguka jua hubadilika taratibu, na mhimili wake huyumba, kwa mizunguko ya makumi ya maelfu ya miaka. Ndiyo maana Sahara iliwahi kuwa na maziwa na nyasi. Jua lenyewe hupanda na kushuka nguvu kila miaka 11 hivi. Volkano nazo hufanya lao: Pinatubo ya Ufilipino ilipolipuka mwaka 1991, vumbi na gesi yake vilipoza dunia kwa karibu nusu nyuzi kwa mwaka mmoja au miwili. (Oldoinyo Lengai yetu ina lava ya ajabu isiyo na mfano duniani, lakini kwa habari ya tabianchi ya dunia haina ubavu.)

Wakati huu, hata hivyo, visababishi hivyo vya asili vimepimwa kimoja kimoja na vyote vimekutwa havikuwepo kwenye tukio.

Chukua jua. Setilaiti zimekuwa zikilipima tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 na nguvu yake haijaongezeka, ilhali joto limepanda. Halafu kuna ushahidi ninaoupenda kuliko wote. Kama jua ndilo lingekuwa linatupikia, hewa yote ingepata joto, ya chini na ya juu. Kinachopimwa ni kinyume: hewa tunayoishi ndani yake inapata joto, na tabaka la juu, kilomita 20 na zaidi kutoka ardhini, linapoa. Hilo hutokea pale joto linapozuiwa huku chini lisitoke. Syukuro Manabe na mwenzake Richard Wetherald walilionyesha kwa hesabu mwaka 1967, kabla vipimo vya kulithibitisha havijapatikana. Manabe alikuja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Msingi wa hoja ni wa zamani zaidi; Svante Arrhenius wa Uswidi alikwisha kupiga hesabu mwaka 1896 kwamba hewa ya ukaa (kaboni dioksidi) ikiongezeka dunia itapata joto.

Na hewa ya ukaa imeongezeka kweli. Kabla ya zama za viwanda ilikuwa kama sehemu 280 katika kila milioni ya hewa. Charles Keeling alipoanza kuipima kule Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa kama 315. Leo imevuka 420. Nani kaitoa? Kaboni ina alama. Mti au nyasi za juzi zina kaboni 14, lakini makaa ya mawe na mafuta, kwa kuwa yamezikwa kwa mamilioni ya miaka, hayana hata chembe ya aina hiyo. Wanasayansi wakipima hewa wanaona kaboni isiyo na alama hiyo ikizidi kuongezeka. Ama volkano, hewa ya ukaa yake kwa mwaka haifiki asilimia moja ya ile inayotoka kwa binadamu.

Sasa turudi kwa mama wa mkaa. Mtanzania wa kawaida, kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe anayotumia, hafikishi hata nusu tani ya hewa ya ukaa kwa mwaka. Wastani wa dunia unakaribia tani tano. Mmarekani anapita 13. Ni kweli kwamba sisi, sehemu kubwa ya tunachotoa hutoka kwenye kukata misitu na kulima mapori, na hiyo ni hesabu yetu ya haki. Lakini hata ukiiongeza, huwezi kuipata ile 420 kwa magunia ya mkaa wa Chamwino.

Ubaya wa mkaa uko karibu zaidi na nyumbani, na ni ubaya wa kutosha bila kuutilia chumvi. Mlima ukivuliwa miti, mvua ileile ya jana inashuka kwa kasi, inachukua udongo, inafungua makorongo. Mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 mafuriko yaliikata reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe. Kule Kondoa hali ilikuwa mbaya hadi serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika. Watu waliumia, maana ng'ombe kwa mfugaji si mchezo, lakini majani na miti vilirudi. Hilo lilifanyika bila kusubiri mkutano wowote wa dunia. Ndiyo faida ya kutenganisha visababishi: unajua kipi unaweza kukimaliza kwa jembe na sheria ndogo ya kijiji, na kipi lazima ukidai kwa wengine.

Mtera nayo ilitufundisha, ingawa sidhani tulisikiliza. Mwaka 2006 bwawa lilipungua maji, umeme ukawa wa mgawo, lawama zote zikaenda kwa ukame. Ukame ulikuwepo. Lakini Mto Ruaha Mkuu, unaoingiza maji Mtera, ulikuwa umeanza kukauka kiangazi tangu 1993, na sehemu kubwa ya maelezo iko bonde la Usangu, kwenye mifereji ya mpunga na mifugo. "Mabadiliko ya tabianchi" yasiwe blanketi la kufunikia kila mfereji usio na kibali.

Kuhusu utabiri, hapa ndipo tunapowaonea watu wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Tunachanganya maswali mawili: je, Alhamisi itanyesha, na je, mwaka 2050 kutakuwaje. Swali la kwanza lina ukomo. Edward Lorenz aligundua mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba tofauti ndogo mno mwanzoni mwa hesabu huvuruga utabiri wote baada ya siku chache, na mpaka leo kupita wiki mbili hivi ni kubahatisha. Swali la pili ni la namna nyingine. Sijui tarehe 10 Novemba mwakani Dodoma itafika nyuzi ngapi, lakini naweka dau la dume la ng'ombe kwamba Novemba itakuwa na joto kuliko Julai.

Wanasayansi wa tabianchi huigawa hewa na bahari katika visanduku ndani ya kompyuta, vingi vikiwa na upana wa kama kilomita 100, kisha hukokotoa joto, upepo na mvuke vinavyopita toka kisanduku hadi kisanduku. Kabla ya kuulizwa ya mbele, mfumo hupewa mtihani wa ya nyuma. Ukiendeshwa kwa jua na volkano peke yake, joto la miaka 50 iliyopita halipandi. Ukitiwa gesi za binadamu, unafuata kipimajoto.

Tatizo ni kwamba kisanduku kimoja kinaweza kuimeza Dodoma mjini, Chamwino na Kongwa kwa mpigo, na sisi tunajua mvua ya huku ilivyo: Nzuguni inalowa, Kizota vumbi. Ndiyo maana kwa joto mifumo hiyo inakubaliana, lakini kwa kiasi cha mvua kanda ya kati inapishana. Inachokubaliana zaidi ni kwamba hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi, kama asilimia 7 kwa kila nyuzi moja, hivyo mvua ikishuka inashuka kwa fujo.

Mjomba wangu wa Mvumi analima uwele, mtama, mahindi kidogo na alizeti. Nilimsomea utabiri wa msimu kwenye simu, akanikatiza: "Sasa mjomba, itanyesha au hainyeshi?" Nikamweleza. Miaka iliyopita imepangwa makundi matatu, ya mvua chache, ya wastani na ya mvua nyingi. Watabiri wanaangalia joto la Bahari ya Pasifiki, ambako El Niño huanzia, na la Bahari ya Hindi, kisha wanasema uzani umelalia wapi. Tuseme wanatoa asilimia 45 kwa chache, 35 kwa wastani, 20 kwa nyingi. Maana yake mwaka mmoja katika mitano ya namna hiyo bado utakuja na mvua nyingi, na hakuna aliyedanganya.

Akakaa kimya kidogo. "Basi shamba la mahindi nalipunguza, pale naweka uwele." Sijasikia ofisa yeyote akiutafsiri utabiri kwa ufupi namna hiyo, na naona huo ndio muundo ambao ungepaswa kuzifikia kata zetu, pamoja na habari ya ule ukavu wa katikati ya msimu unaoua mahindi yakiwa yanachanua.

Jambo jingine ambalo halizungumzwi ni visima vya Makutupora, vinavyounywesha mji huu. Kina cha maji yake kimepimwa tangu miaka ya 1950, na utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba maji hayo hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka. Yanaruka juu katika misimu michache ya mvua kubwa, na mruko mkubwa kuliko yote ulikuwa wa El Niño ya 1997/98. Mvua za fujo tunazoziogopa ndizo zinazotujazia kisima. Mji umepanuka sana tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, kwa hiyo maswali yangu kwa mgeni rasmi ajaye ni haya: bonde linaloingiza maji Makutupora linalindwaje lisizibwe kwa zege, na kwa nini kila shule ya msingi ya mkoa huu isiwe na kipima mvua na mwalimu wa kukisoma kila saa tatu asubuhi?