Haikuwa gesi, ilikuwa karanga

Shoga yangu kashatuma sauti kwenye kundi la harusi, kwa hiyo nusu ya Makorora, hapa Tanga, inajua kwamba kwangu "mtungi wa gesi umelipuka, mkwe kaumia." Jamani! Gesi ilikuwa imezimwa, mkwe mzima wa afya, na kilichoruka ni siagi ya karanga. Sikieni kwa mwenye nyumba, ndipo mcheke.

Jana Ijumaa, nusu kilo ya karanga kutoka soko la Mgandini. Nikachambua kwanza: zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zote jalalani, maana sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haiondoki kwa kukaangwa. (Mnaochambua huku jicho moja liko kwenye simu, nawaona.) Sufuria kavu, moto mdogo, unageuza bila kuacha kama dakika 15, mpaka ganda ukiligusa linavuka lenyewe na punje imekuwa ya kahawia hafifu. Nikafikicha, nikapepeta kwa ungo, nikatia kwenye blenda zikiwa bado na uvuguvugu, kwa sababu karanga yenye joto hutoa mafuta upesi.

Blenda iko sebuleni. Soketi ya jikoni ina mambo yake, msiniulize.

Wasagaji mnajua: kwanza unga, halafu chenga, halafu donge linalong'ang'ania upande mmoja. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na kumbe ndiyo kwanza inakaribia. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, yatatoka tu. Unazima, unakwangua kingo, unaipumzisha mota dakika 2 au 3, unasaga tena dakika 1. Ikigoma kabisa, kijiko 1 cha mafuta ya alizeti. Chumvi nusu kijiko cha chai. Maji, hapana.

Wifi yangu akatia maji.

Nilikuwa nimegeuka tu kuitikia hodi ya baba mkwe. "Nimekulainishia, wifi." Vijiko viwili! Maji na karanga iliyosagwa haviivi chungu kimoja: ule unga unayanywa, unashikana, unakuwa mgumu kuliko mwanzo. Hata asali ukiiwahisha hufanya hivyo hivyo. Donge likakikaba kisu, mota ikaanza kunuka, na papo hapo umeme ukakatika.

Sasa mpangilio wa sebule. Mkwe kakaa kwenye kochi linalopata upepo wa pangaboi, kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, anamsubiri mume wangu waende msikitini. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, joto gani hili!" Wifi kafunua mfuniko, kachomeka mwiko hadi kwenye kisu, analigombolea donge. Swichi ya blenda? Iko namba 2. Nani anazima kitu ambacho kimeshazimika?

Umeme ukarudi.

Kisu kikaung'ata mwiko, mwiko ukampokonyoka wifi. Jagi likalala ubavu, na donge, kwa hisani ya vile vijiko viwili vya maji, likatoka zima zima. Likapanda. Nililiona likipita usawa wa macho yangu. Likaipita saa ya ukutani. Likanata kwenye jani moja la pangaboi, ambalo ndiyo kwanza linaamka. Mzunguko wa kwanza, lipo. Wa pili, lipo. Mkwe akainua uso akalisindikiza kwa macho, huku na kule, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Hicho nini, mwanangu?" Mie kimya. Ungejibu nini?

Pangaboi lilikuwa limeachwa namba 5. Likakaza mwendo, donge likaanza kumeguka. Tonge la kwanza likampata wifi shavuni (wallahi sikusikitika). La pili, pazia. La tatu ndilo lililokuwa kubwa: lilitua kifuani pa kanzu, chini kidogo ya tarizi, likatulia, kisha likateleza taratibu hadi mapajani, likiacha njia ya mafuta. Nikarukia swichi ukutani. Nikazima taa. Ya pangaboi ni ile ya pembeni yake. La nne likanikuta mimi.

Mengine upesi upesi. Doa nililimwagia poda ya mtoto inyonye mafuta, robo saa, kisha sabuni ya vyombo na maji ya moto; limetoka. Mkwe alienda msikitini na kanzu ya mume wangu, inayomwishia katikati ya miundi, na adhana hakuikosa. Karanga iliyobaki kwenye jagi ikaingia kwenye kisamvu siku ile ile, maana iliyotiwa maji haifai kuwekwa chupani, itaota ukungu kabla hujaisahau. Shoga alinikuta juu ya stuli nafuta pangaboi, akaona moshi wa ile mota, akajitungia gesi yake.

Kisu kimepinda na jagi limepasuka mdomoni, na mafundi niliowauliza Ngamiani hawana la saizi ile. Mwenye jagi la lita 1.5 na kisu chake anifuate inbox. Ile sauti msinitumie tena, ninayo kutoka kwa watu watatu, mmoja wao ni mkwe.