Hesabu ya gunia haitoshi kumhukumu mfugaji wa ploti

Mjadala wa kufuga mjini Nairobi ukianza, hakosi mtu wa kupiga hesabu. Kuku wa mayai hula gramu 120 hivi kwa siku. Kuku 10 wanakula kilo 1.2, na gunia la chakula la kilo 70 linaisha kabla ya miezi 2. Gunia lenyewe limetoka agroveti, duka la pembejeo. Sasa hapo kujitegemea kuko wapi?

Hesabu hiyo ni sahihi kwa kuku anayefungiwa ndani na kulishwa unga mtupu. Jirani yangu hapa Kayole ana kuku 12 wa kienyeji nyuma ya nyumba. Asubuhi huwapa majani ya sukuma wiki ambayo mama mboga angeyatupa, vumbi la omena lililobaki chini ya gunia, na maganda ya mayai aliyoyakausha na kuyaponda. Unga wa dukani ni wa kuongezea jioni. Hawatagi kama leya, wale kuku wa kisasa wa mayai, kweli. Lakini kinyesi chao, kikishaoza pamoja na maranda, ndicho mbolea ya sukuma zake zilizopandwa kwenye magunia, na muhula ambao mtoto alirudishwa nyumbani kwa karo, kuku 2 walitoka bandani. Mpiga hesabu hayaandiki hayo popote.

Kinachonisumbua zaidi ni kideri, ugonjwa wa kuku uitwao pia Newcastle. Kikiingia kwenye banda lisilochanjwa kinaweza kulimaliza lote kwa siku chache, na kazi ya mwaka ikaishia shimoni. Chanjo ipo: tone moja jichoni, kisha kurudia baada ya miezi michache. Shida ni kwamba chupa huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, na ikishachanganywa haiwekwi hadi wiki ijayo. Kwa hiyo jirani yangu hupiga simu nyumba nne au tano, wakachanga, wakachanja wote asubuhi moja. Nimemshikia kuku kichwa kikiwa kimelazwa upande, akasubiri jicho lipepese ndipo amwachie. Asiye na majirani wa kuchanga naye huacha kuchanja, na huko ndiko ugonjwa unakoanzia. Kama kaunti ina shilingi ya kutumia kwa wafugaji wadogo, ningeiweka kwenye chanjo kabla ya kugawa vifaranga.

Majirani wanaolalamika nao wana haki. Banda lisilofagiliwa hunuka, huleta nzi na panya, na anayelala ukutani pa pili hakuulizwa. Sheria ya kaunti ya mwaka 2015 kuhusu kilimo cha mjini ilikuja kukuza na pia kusimamia, na kusimamia ni jambo jema. Kwenye ploti ya futi 50 kwa 100 yenye wapangaji, kuku 12 tayari ni wengi. 40 ni uonevu.

Hoja yao nzito kuliko zote ni jogoo. Kuku hutaga bila jogoo, lakini mayai hayo hayaanguliwi, na jogoo naye huwika saa kumi alfajiri juu ya kichwa cha mtu aliyetoka zamu ya usiku. Jirani yangu alimpeleka wake kwa dadake Machakos. Sasa kuku wake akianza kuatamia, mayai ya kuangua husafirishwa kutoka huko kwa matatu, yamefunikwa maranda ndani ya kikapu, kisha wanahesabu siku 21.