Nyota za Kwenye Kioo Hazithibitishi Kwamba Mtoto Anasoma

Programu nyingi za kujifunzia kusoma humpa mtoto nyota na asilimia kila amalizapo zoezi. Siku hizi alama hizo zinapelekwa moja kwa moja kwenye taarifa za maendeleo ya darasa la kwanza na la pili. Napinga kabisa. Zoezi la kugusa jibu moja kati ya manne linampa mtoto robo ya maswali kwa kubahatisha tu, na wa miaka saba hachelewi kugundua kwamba akigusa yote mfululizo, moja litakubali. Hata akipata kwa haki, ametambua silabi aliyowekewa mbele yake. Kuisoma kwa sauti ni kazi nyingine, na kuiandika ni nyingine tena.

Katika Global Learning XPRIZE, mashindano ya kimataifa ya kutengeneza programu za kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu, yaliyofanyiwa majaribio vijijini mkoani Tanga na kupata washindi mwaka 2019, watoto walijifunza kwa vishikwambi. Lakini mshindi hakuamuliwa kwa nyota za programu. Watoto walipimwa ana kwa ana, mmoja mmoja, kwa EGRA, kipimo cha kusoma cha madarasa ya awali, kabla na baada.

Mwalimu naye anaweza kupima hivyo kwa kishikwambi kimoja tu, na vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Tanzania ya 2022 viligawiwa walimu. Kishike yeye; mtoto asome kifungu kifupi cha hadithi kwenye karatasi yenye maandishi makubwa. Programu kama Tangerine huonyesha kifungu kilekile kwa mwalimu, naye hugusa kila neno linalokosewa huku saa ikihesabu sekunde 60. Saa ianze mtoto anapotamka neno la kwanza, si mwalimu anaposema "anza". Akikwama sekunde tatu, mwonyeshe neno linalofuata na uhesabu kosa. Akijisahihisha mwenyewe, usimhesabie kosa. Muda ukiisha, gusa neno la mwisho alilofikia. Hapa ndipo wengi huharibu: neno la mwisho likiwekwa pasipo pake, hesabu yote inapotoka. Aliyefika neno la 38 na kukosa 6 amesoma maneno 32 kwa dakika. Aliyemaliza maneno 55 kwa sekunde 48 na kukosa 3 amesoma 52. Zidisha kwa 60, gawa kwa 48, unapata maneno 65 kwa dakika.

Kiswahili kina mitego yake. "Baba ana ng'ombe" ni maneno matatu yenye silabi sita, ilhali "hawakuyapeleka" ni neno moja lenye silabi saba. Ukipima mara mbili kwa mwaka, kifungu cha Machi kikiwa na maneno mafupi na cha Septemba marefu, mtoto aliyepiga hatua ataonekana amerudi nyuma. Kwa hiyo hesabu silabi za vifungu vyote viwili kabla ya kulinganisha, wala usirudie kifungu kilekile, maana watakuwa wamekikariri.

Matamshi ndiyo yanayoumiza zaidi, na ndiyo sababu siamini mashine ipewe kazi ya kusikiliza peke yake. Mtoto anayesema "zahabu" hata akiwa anazungumza na wenzake hajakosea kusoma "dhahabu". Hiyo ni athari ya lugha ya nyumbani. Lakini anayesema ng'ombe vizuri akicheza, kisha karatasini anatamka "ng" kama ya "ngoma", hajaijua alama ile. Mwalimu anayemfahamu mtoto anatofautisha mara moja.

Baada ya kusoma, uliza maswali matano ya ufahamu, yale tu yanayohusu sehemu aliyofikia. Usiyaruke. Kwa kuwa maandishi ya Kiswahili hufuata sauti kwa karibu sana, mtoto anaweza kutamka kifungu kizima bila kuambulia maana. Na swali "Ng'ombe anakula nini?" halipimi chochote, hata asiyesoma atajibu majani. Uliza jambo linalopatikana ndani ya hadithi tu: ng'ombe alipotea siku gani?

Kuandika kupimwe kwa penseli: imla ya maneno kumi, kisha daftari lipigwe picha. Tafuta "buzi" badala ya "mbuzi", "gombe" badala ya "ng'ombe". Kibodi inayopendekeza maneno itakuficha makosa hayo.

Darasa la watoto 60 halipimwi siku moja. Chukua sita kwa siku, kila mmoja dakika tatu hivi, kwenye kibaraza mbali na kelele, wengine wakiwa na zoezi la kuandika. Siku kumi za masomo zinatosha. Kisha yapange makosa kwa aina ya silabi. Waliokwama kwenye "mb", "nd" na "ng'" wakae kundi moja kwa wiki mbili, hata kama kasi zao hazilingani, halafu wapimwe tena kwa orodha fupi ya maneno mapya yenye silabi hizohizo.