Hedi na kamshafti kwenye injini ya tabo: nguvu ya kweli ama mngurumo tu?

Watu wa Subaru wakikaa pamoja kuna ubishi mmoja hauishi. Hawa wanasema gari ikishakuwa na tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa ndani ya injini, mambo ya hedi (kichwa cha injini chenye njia za hewa na valvu) na kamshafti (ule mhimili unaofungua valvu) achana nayo, hewa inasukumwa kwa nguvu bana, ukitaka zaidi ongeza busti, yaani presha ya hiyo hewa, mambo kwisha. Wale wengine watakwambia bila hedi kuchongwa na kamshafti za 272 (digrii za mzunguko ambazo valvu inakaa wazi) hiyo gari yako bado ya kupeleka watoto shule. Mimi naona kila upande una ukweli wake, shida ni kwamba wanabishana kama vile gari zote zimefungwa tabo moja.

Tuanze na hawa wa kuongeza busti, manake ndio wengi. Wanachosahau ni kwamba ile geji ya busti haikuonyeshi umeingiza hewa kiasi gani, inakuonyesha presha iliyoko kwenye manifoldi, yale mabomba yanayogawa hewa kwa silinda, na presha ni hewa iliyofika ikakuta mlango mdogo. Westigeti, ule mlango unaopunguza moshi unaozungusha tabo ili busti isizidi, nayo inafuata presha tu. Kwa hiyo chukua EJ20 mbili, zile injini za Subaru za lita 2, zote ziko bar 1, moja hedi yake ya kiwandani na nyingine poti (njia za hewa) zimesafishwa vizuri na siti za valvu, pale valvu inapokalia ikifunga, zimekatwa kwa pembe kadhaa, hii ya pili itakuwa inameza hewa zaidi kwa presha ileile. Ama uigeuze, hewa ileile utaipata kwa presha ndogo, na presha ndogo maana yake joto dogo na hatari kidogo ya injini kugonga, yaani mchanganyiko kulipuka vibaya ndani ya silinda. Na hapa petroli inaingia kwenye hesabu, manake hizi gari za soko la Japani zilisetiwa na petroli yao ya oktani 98 mpaka 100, sisi tunaweka ile iliyoko kwenye pampu.

Halafu kuna jambo la mwinuko ambalo sisi wa pwani tunalisahau na wenzetu wa bara wameshalizoea mpaka hawalioni. Mombasa hewa yenyewe ya nje iko kama bar 1. Nairobi uko juu kama mita 1,800, hewa ya nje ni kama bar 0.82 hivi. Sasa ukitaka ndani ya manifoldi iwe bar 2 kamili, yaani ile tunayoita busti ya bar 1 huku kwetu, tabo ya Mombasa inazidisha mara 2, ya Nairobi inabidi izidishe mara 2.4. Inazunguka kasi zaidi, inapasha hewa zaidi, na ile tabo ndogo ya TD04 iliyoko kwenye Subaru Forester ishaanza kuhema. Kwa hiyo mtu wa Nairobi anayesema "ongeza busti tu" ndiye mwenye nafasi ndogo ya kuongeza kuliko mtu wa Mombasa, na ndiye ambaye hedi nzuri ingemfaa zaidi. Hili ni bao la upande wa hedi, nawapa.

Lakini kuna lakini kubwa. Hewa yote lazima ipite kwanza kwenye kompresa, ule upande wa tabo unaosukuma hewa. Tabo ikishafika mwisho wa hewa inayoweza kupitisha, ukifungua hedi utaona busti imeshuka kwenye geji na farasi wako palepale ama wameongezeka wachache. Utakuwa umepata injini iliyopoa kidogo, sawa, ila hiyo siyo uliyolipia.

Na kamshafti ndo kesi ngumu zaidi, hapa naomba twende polepole.

Kamshafti kubwa inafanya nini? Inafungua valvu kwa muda mrefu zaidi na mara nyingi inainyanyua juu zaidi. Kwenye injini isiyo na tabo ule muda ambao valvu ya kuingiza na ya kutoa ziko wazi pamoja ni wa faida, moshi ukitoka unavuta hewa mpya nyuma yake. Kwenye tabo inategemea nani ana presha kubwa, manifoldi ya kuingiza ama ekzosi kabla ya tabo. Ukiwa na tabo ndogo inayobanwa, busti ya bar 1 inaweza kuwa na presha ya bar 2 ama zaidi upande wa ekzosi. Sasa fungua valvu zote mbili hapo uone, moshi wa moto unarudi ndani ya silinda, unachukua nafasi ya hewa safi, unaipasha hewa iliyobaki, injini inaanza kugonga, tyuna (fundi wa kuseti kompyuta ya injini) anarudisha taiming ya cheche nyuma, na ule mzigo wako wa kamshafti umekupa gari nzito kuliko ilivyokuwa. Bado valvu ya kuingiza inafunga kwa kuchelewa, kwa hiyo chini ya raundi 3,500 gari inalala na tabo inachelewa kuamka. Kwenye foleni ya Nyali bridge utajuta. Ila idle itanguruma vizuri sana, hilo halina ubishi, na nahisi wengine wananunua huo mngurumo, wasiseme tu ni nguvu.

Weka tabo kubwa yenye njia pana ya ekzosi, presha za pande mbili zikaribiane, kitu kinageuka. Kamshafti ileile ya 272 iliyokuwa mkosi sasa inapumua mpaka raundi 7,500 bila kuchoka. Ndio maana mtu mmoja anaapa kwamba kamshafti zilibadilisha gari yake na mwingine anaapa ameibiwa, na wote wawili hawasemi uongo.

Mfano mzuri ni gari za rali zenyewe. Subaru Impreza ilichukua Safari Rally mwaka 1997 na Colin McRae, tena 2000 na Richard Burns, na miaka hiyo FIA, shirikisho la mashindano ya magari, ilikuwa inalazimisha hewa yote ipite kwenye kitobo cha milimita 34 kabla ya tabo. Hewa imefungwa mlango hapo mbele, sasa kufukuza raundi za juu kungesaidia nini? Wahandisi wakaweka nguvu zao kwenye torki ya chini na katikati. Mtu mwenye TD04 naye ana kitobo chake, tofauti tu hakikuandikwa kwenye sheria za mashindano.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, hakuna haja ya kubishana, pima. Toboa api-paipu, lile bomba linalopeleka moshi kwenye tabo, chomea nati ya kufungia, toa kipaipu cha shaba kirefu kidogo kipoe, halafu mpira mpaka kwenye geji. Endesha kwa mzigo mpaka juu, soma presha ya ekzosi, linganisha na busti. Zikiwa karibu sawa, kamshafti zina maana. Ikiwa ekzosi ni mara mbili ya busti, pesa yako ipeleke kwenye tabo na dauni-paipu (bomba la moshi baada ya tabo) kwanza. Ni kazi ya nusu siku na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kamshafti, nashangaa watu hawaifanyi.

Na kwenye gharama EJ haina huruma. Injini imelala, ina hedi mbili, kamshafti nne, valvu 16, gasketi za hedi mbili, na fundi wengi watakwambia injini ishuke chini kabisa ndo kazi ifanyike vizuri, na wako sawa. Kisha tapeti, vile vikombe kati ya kamshafti na valvu. Zile za EJ za miaka ya baadaye hazina skrubu ya kukaza, ukitaka kubadilisha nafasi unabadilisha tapeti yenyewe kwa unene tofauti, na unene unaoutaka unaweza usipatikane Kirinyaga Road siku hiyo, gari inakaa juu ya mawe ikisubiri. Mwenye 1JZ ya Toyota hapo anatucheka, ana hedi moja, kamshafti mbili, anafungua injini ikiwa ndani ya gari.

Jambo jingine watu hawalisemi. Forester za SG5 ziliacha kutengenezwa 2007, na Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka minane, kwa hiyo zilizoko ndizo hizohizo zinazeeka na sisi. Siti za valvu zimechoka, kompresheni imeshuka. Mtu akishusha injini ya namna hiyo, hedi zikafesiwa (uso wake ukakwanguliwa uwe sawa), valvu zikasagwa, gasketi mpya, halafu akaweka na kamshafti, gari ikitoka inaruka, anasema "kamshafti hizo!" Hapana, nusu ya huo uhai ulikuwa wa kwake tangu zamani, amerudishiwa tu. Mtu asipopima kompresheni kabla, ushuhuda wake mimi naupokea kwa heshima ila siuwekei pesa. Na kufesi kwenyewe kusizidi, kila ukikwangua chumba cha kuchomea mafuta kinapungua, kompresheni inapanda, na kwenye tabo hiyo si zawadi.

Kama injini imeshafunguka kwa sababu nyingine, tuseme gasketi imekwenda, hapo mizani inabadilika manake leba umeshalipa. Siti zikatwe vizuri, na springi za valvu uweke mpya ngumu kidogo, hii ndiyo sehemu ninayoipigania kuliko zote. Valvu ya kuingiza ya EJ20 ina kipenyo cha milimita 36, busti ya bar 1.5 inaisukuma mgongoni kwa nguvu ya kama kilo 15, na springi iliyochoka inapigana na hiyo kila mzunguko. Gari inayokata juu wakati busti iko sawa, wengi wanabadilisha plagi na koili mpaka pesa inaisha, kumbe springi.

Na AVCS, mfumo wa Subaru wa kubadilisha wakati wa valvu kufunguka, usiisahau. Kama injini yako inayo, tyuna anaweza kusogeza kamshafti ulizonazo kwa kompyuta tu, bila kufungua boliti moja. Mwenye Forester ya TD04 akifanya hiyo, springi na siti, mimi namwambia pesa ya kamshafti aiweke akiba kwanza. Mwenye STI, ile Impreza kali, aliyeshafunga tabo kubwa na forged pistoni (zilizofuliwa ziwe imara), huyo nitambebea boksi la kamshafti mwenyewe, bora tu achunguze kwa plastisini nafasi kati ya valvu na pistoni kabla ya kuwasha, na asinunue zile za kusagwa upya kutoka kamshafti kuukuu kama muuzaji hawezi kumwambia ngozi ngumu ya juu imebaki kiasi gani.