"Dobrej chleba" si Kicheki kibovu

Darasani nilifundishwa kwamba mkate mzuri ni "dobrý chléb" na maziwa ni "mléko". Nikaenda dukani, Praha hapohapo, mama muuzaji akanitajia "dobrej chleba" na "mlíko". Nikadhani hakusoma. Wiki hiyohiyo nikamsikia mwalimu wangu akizungumza na mwanawe kwenye simu: "dobrej", "mlíko", na dirisha si "okno" tena bali "vokno". Sawasawa na yule mama.

Kwa nini basi tulifichwa? Kicheki sanifu kina historia yake. Mtaalamu wa lugha Josef Dobrovský alipochapisha sarufi yake mwaka 1809, alifuata lugha ya Biblia ya Kralice, tafsiri ya Kicheki iliyochapwa mwishoni mwa karne ya 16. Vinywa vya watu wa Bohemia, upande wa magharibi wenye Praha, vilikuwa vimekwisha kwenda njia nyingine. Ndiyo maana hadi leo mtoto wa Praha hukikuta Kicheki sanifu shuleni na vitabuni, wakati nyumbani kwao husemwa "obecná čeština", Kicheki cha kila siku. Kukiita kibovu ni kuwatukana mamilioni ya watu kwa lugha waliyolelewa nayo, na hilo linaniuma.

Lakini msidhani Praha ndiyo Ucheki yote. Kitenzi "kuwa" vitabuni ni "být", Praha ni "bejt", na kwa wazee wa Haná, upande wa Olomouc kule Moravia, mashariki mwa nchi, ni "bét". Brno, mji mkubwa wa Moravia, tramu ni "šalina", neno lenye asili ya Kijerumani. Rafiki zangu wa huko hawapendi kabisa kuambiwa kwamba "vokno" ni Kicheki cha wote. Kwao hicho ni cha Praha, na wana haki.

Ostrava, mji wa kaskazini-mashariki, ndiko nilikojisikia nyumbani. Kicheki kwingine hukaza silabi ya kwanza ya neno, ila huko hukaza ya pili kutoka mwisho, kama sisi tunavyosema ki-TA-bu. Irabu ndefu nazo hufupishwa, hata wenyewe husema wana "krátký zobák", mdomo mfupi. Nilielewa kila mtu polepole, kwa furaha.

Kwa hiyo ninawaomba wanaotufundisha sisi wageni: andikeni "mléko", na pembeni yake, ukurasa uleule, andikeni "mlíko".