Mwanza iliwafuatilia mabinti 930, itashindwaje na mgonjwa wa saratani?

Ndugu zangu wa Kanda ya Ziwa, nina jambo limenikaa rohoni tangu mama mdogo aanze matibabu ya saratani. Naishi Birmingham, nafanya kazi ya kuhudumia wazee, na kila watu wakilinganisha hospitali za huku na za kwetu, mazungumzo huishia kwenye mashine. Wenzetu wana hiki, sisi hatuna kile. Mimi naona tofauti kubwa iko kwingine: huku mgonjwa asipoonekana, kuna mtu ambaye ni kazi yake kumtafuta.

Mwanamke wa huku akifikia miaka 25 anatumiwa mwaliko wa kwenda kupimwa mlango wa kizazi, na ataendelea kuitwa hadi afike 64. Haumwi popote, wala hakuomba. Asipokwenda, unakuja ujumbe mwingine wa kumkumbusha.

Mama mdogo yuko Sengerema. Alianza kutokwa damu wakati hedhi ilishakoma zamani, akanyamaza kwa aibu kama wanavyonyamaza mama zetu wengi. Alipokubali kwenda, alikatwa kipande kidogo cha nyama cha kupimwa katika hospitali moja, akaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Akarudi, majibu bado. Akaambiwa aende nyumbani, atapigiwa simu. Hakupigiwa. Binamu yangu alipofunga safari kwenda kuuliza, karatasi ya majibu ilikuwa ndani ya faili, imesainiwa zaidi ya mwezi mmoja nyuma. Namba ya simu ya mama mdogo ilikuwa juu ya jalada, imeandikwa kwa kalamu nyekundu, inasomeka tarakimu zote kumi.

Nikisimulia haya naambiwa, "Dada, hiyo ni Ulaya, sisi uwezo huo hatuna." Hapo sikubali hata kidogo, kwa sababu Mwanza ilishaweza. Mwaka 2017 watafiti wa Mwanza, wa NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na wenzao kutoka London, walianza utafiti ulioitwa DoRIS, wa chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Walichukua mabinti 930 wa miaka 9 hadi 14, wengine wakapewa dozi moja, wengine mbili, wengine tatu. Ili majibu yawe na maana, kila binti alitakiwa kurudi kutolewa damu. Mnawajua watoto wa kwetu: leo yuko Nyamagana, likizo yuko kwa bibi Misungwi, muhula ujao kahamia Geita. Lakini miaka miwili baadaye karibu wote walikuwa bado ndani ya utafiti, na karibu wote waliopata dozi moja walikuwa bado na kinga mwilini dhidi ya HPV aina ya 16, ambayo ndiyo inayoongoza kusababisha saratani ya mlango wa kizazi. Kenya nao, Kisumu ikiwa mojawapo ya vituo vyao, walionyesha kwamba dozi moja inazuia maambukizi sugu ya HPV aina ya 16 na 18 kwa takriban asilimia 97.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali ratiba ya dozi moja. Uingereza ikahamia huko Septemba 2023, Tanzania ikafuata 2024. Watoto wa majirani zangu hapa Birmingham wanachanjwa mara moja tu shuleni, wamemaliza, na sehemu ya ushahidi huo ilitoka kwenye damu ya mabinti wa Mwanza. Hili watu wa Mwanza walijue na wajivunie.

Sasa tazameni utafiti mwingine, INTERLACE, uliochapishwa 2024. Wanawake 500 wenye saratani ya mlango wa kizazi, kutoka Uingereza, Mexico, India, Italia na Brazil. Nusu yao, kabla ya mionzi, walipewa kwanza dripu za kemo, yaani dawa za kuua saratani, kila wiki kwa wiki sita, kwa dawa mbili za siku nyingi: karboplatini na paklitakseli. Baada ya miaka mitano asilimia 80 ya hao walikuwa hai, dhidi ya asilimia 72 ya waliopata matibabu ya kawaida. Nilisoma habari hiyo usiku nikiwa zamu, nikafurahi, halafu nikaanza kupiga hesabu ya nauli. Wiki sita ni kwenda na kurudi mara sita kabla hata mionzi haijaanza, na mionzi yenyewe ni karibu kila siku. Hospitali ya Bugando, Mwanza, wanatoa mionzi, si lazima tena mgonjwa wa Kanda ya Ziwa apelekwe hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa 2025 na foleni ya kivuko imekwisha. Lakini mgonjwa wa Ukerewe bado anasubiri meli, na yule wa Sengerema anavuka haraka kisha anakosa pa kulala mjini. Dawa aliyoikosa kwa kukosa nauli ni sawa na dawa ambayo haijagunduliwa.

Na huku si peponi. Lengo lao la kuanza matibabu ya saratani ndani ya siku 62 tangu rufaa ya haraka halijafikiwa England kwa takriban miaka kumi, na wapo wazee ninaowahudumia wanaokwenda kwenye kemo wenyewe kwa teksi. Kwetu ndugu anakuja na chupa ya uji na kitenge cha kutandika. Ila ndugu huyo ndiye anayebeba kazi yote ya hospitali: kufuata majibu, kukumbuka tarehe, kubembeleza faili litafutwe. Binamu yangu alifunga genge lake pale Igoma kwa ajili hiyo. Asiye na ndugu wa namna hiyo, nani anamtafuta?

Ninachotaka ni kidogo. Kila kliniki ya saratani iwe na muuguzi mmoja mwenye orodha, simu na vocha, na kazi yake iwe kumpigia aliyekosa tarehe siku hiyohiyo. Akishindwa kumpata, amtume mhudumu wa afya wa kijiji. Nauli ya mgonjwa iwekwe kwenye bajeti ya matibabu, si kwenye huruma. Nasi tulioko nje, ambao msiba ukitangazwa kwenye kundi la WhatsApp tunachanga kabla jua halijazama, tuchange hivyohivyo mgonjwa akiwa hai, kabla ya dripu ya pili.

Kama una ndugu anayetibiwa sasa hivi, mpigie leo umuulize tarehe yake ya kurudi ni lini, na nauli anayo?